Daftari, karatasi ya mfuatano au kikao cha darasa: njia za kumsaidia mwanafunzi wa sekondari kutafakari picha zake za mtaani

Mwanafunzi akikosea hesabu, hatua alizopitia hubaki karatasini, na mwalimu anaweza kuweka kidole pale hasa alipopotea. Upigaji picha wa mtaani, ule wa kunasa watu na matukio hadharani bila kuyapanga, haumpi mwalimu nafasi hiyo. Mwanafunzi hurudi na picha moja aliyoipenda, na yote yaliyomfikisha hapo, yaani mahali aliposimama, mara alizosita, watu aliowaacha wapite na fremu (picha moja moja) alizozifuta akiwa bado njiani, hayaonekani popote. Kwa sababu hiyo tafakari katika somo hili si pambo la mwisho wa muhula. Ndiyo inayoifanya kazi isiyoonekana ionekane, kwa mwalimu na kwa mwanafunzi mwenyewe.

Njia za kuifanya zipo kadhaa, na walimu wengi hushika ile waliyoizoea, ambayo kwa kawaida ni daftari, bila kujiuliza kila njia inaangaza nini na inaacha nini gizani. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu au mlezi wa klabu ya picha anayetaka kuchagua. Kipimo ninachokitumia ni kwamba mwanafunzi wa picha za mtaani ana mambo matatu ya kutafakari: picha iliyotoka, uamuzi ulioizaa, na mtu aliyejikuta ndani ya picha hiyo bila kuomba. Hakuna njia hata moja inayoyafikia yote matatu kwa kiwango sawa.

Mwaka 1983 Donald Schön, aliyechunguza namna wataalamu wanavyofikiri wakiwa kazini, alitenganisha tafakari inayofanyika ndani ya tendo na ile inayokuja tendo likishapita. Mfinyanzi ana nafasi kubwa ya ile ya kwanza, kwa kuwa udongo humngoja. Mpiga picha wa mtaani karibu hana nafasi hiyo. Ili kumgandisha mtu anayetembea, shata, mlango wa kamera unaopitisha mwanga, hufunguka kwa takriban 1/250 ya sekunde, na tukio lenyewe, tuseme watu wawili wanaopishana huku kivuli cha mmoja kikimwangukia mwenzake, huenda lisidumu hata sekunde moja. Anayeanza hawezi kupima mambo ndani ya muda huo. Atayapima baadaye, au hatayapima kabisa. Kwa hiyo njia bora ya tafakari ni ile inayomrudisha karibu zaidi na sekunde ile, na hapo ndipo njia hizi zinapoanza kuachana.

Daftari na karatasi ya mfuatano

Daftari halihitaji maelezo. Karatasi ya mfuatano, kama ninavyoiita hapa, inayahitaji kidogo. Enzi za filamu ya milimita 35, roli moja ilitoa kwa kawaida picha 36. Kabla ya kuamua ipi ikuzwe, mpiga picha alilaza vipande vya filamu iliyosafishwa moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, akazitoa zote zikiwa ndogo ndogo na kwa mpangilio uleule zilivyopigwa, kisha akazipitia kwa kioo cha kukuzia na kuzitia alama kwa kalamu ya nta. Mpiga picha Robert Frank, alipoizunguka Marekani katikati ya miaka ya 1950, alipiga fremu zipatazo 28,000, na zilizobaki katika kitabu kilichomjengea jina ni 83. Mtu hawezi kupita katika lundo kama hilo bila kujiuliza, mara maelfu, kwa nini hii na si ile. Siku hizi programu yoyote ya picha inayoweza kupanga picha nyingi ndogo katika ukurasa mmoja inatosha, iwe kwenye kompyuta au kwenye simu. Sharti ni moja, nalo ni gumu kwa vijana kuliko linavyosikika: fremu yoyote isifutwe hadi karatasi itoke.

Tofauti kati ya njia hizi mbili huonekana vizuri zaidi kwa mfano. Chukua mwanafunzi aliyetumwa kupiga picha za watu katika eneo lenye shughuli nyingi. Katika daftari anaandika kwamba alitaka kuonyesha mwendo wa umati na hali ya kila mtu kushughulika na lake. Ni maneno mazuri, na mwalimu angeyapa alama nzuri. Karatasi yake ya mfuatano, hata hivyo, ina fremu thelathini na migongo thelathini. Hakuna uso. Hakuna mtu aliyepigwa picha kutoka umbali wa chini ya hatua kumi. Kinachosomeka pale ni woga, wala si mwendo wa umati, na woga huo ni wa kawaida kiasi kwamba karibu kila anayeanza huwa nao. Daftari limeuficha, pengine bila mwandishi wake kukusudia, kwa sababu maneno huandikwa baada ya kujua picha zimetokaje, na binadamu ni hodari wa kuipatia ajali sababu.

Karatasi huonyesha na mambo mengine ambayo mwanafunzi hawezi kuyaandika kwa kuwa hajui kwamba ameyafanya. Huonyesha kwamba aliondoka mahali pazuri mara tu alipopata fremu ya kwanza iliyomridhisha, ilhali mtu aliyengojewa alikuwa bado hajafika katikati ya mwanga. Huonyesha kwamba fremu zote ni za wima kwa sababu simu hushikwa wima. Huonyesha kwamba fremu ya nne, ambayo hakuitia alama, ina nguvu kuliko ya kumi na mbili aliyoichagua. Kamera za dijitali huongeza jambo ambalo filamu haikuwa nalo: ndani ya kila faili huandikwa saa ya picha, kasi ya shata na ukubwa wa tundu la lenzi. Ukisoma saa hizo kwa mfuatano unapata kipimo cha subira. Sekunde mbili kati ya fremu na fremu, kisha dakika ishirini za kutembea bila kupiga chochote, ni habari tosha ya kuanzia mazungumzo.

Pamoja na hayo, karatasi ya mfuatano ina upofu wake, na upofu huo ndio nguvu ya daftari. Karatasi haionyeshi picha ambayo haikupigwa. Mwanafunzi aliyemwona mtu akilia, akainua kamera, kisha akaishusha, amefanya pengine uamuzi mzito kuliko wote wa siku ile, na kamera haina kumbukumbu yake hata kidogo. Karatasi haisemi nani alimkemea, nani alimtabasamia akamfanya asahau alichokuja kupiga, wala kwa nini migongo ile ilikuwa thelathini. Inaonyesha dalili, ugonjwa lazima autaje mwenyewe.

Tatizo la daftari ni kwamba vijana hujifunza upesi lugha inayompendeza mwalimu. Baada ya wiki tatu utasoma «nimejifunza kuwa mvumilivu» katika daftari ishirini, na hutajua ni nani kati ya ishirini hao amewahi kusubiri. Aidha, daftari humpendelea mwenye kalamu nyepesi: anayeandika vizuri huonekana kana kwamba anaona vizuri, na anayeona vizuri lakini huandika kwa taabu huhesabiwa mzembe. Dawa ninayoiamini ni kulifupisha na kulisogeza. Liandikwe palepale nje, kabla ya mwanafunzi kuzitazama picha zake kwa utulivu, kwa mistari mitatu au minne tu, na maswali yawe ya vitu vinavyoshikika: taja picha moja uliyoiacha na sababu yake, taja fremu unayodhani imefaulu, taja mahali ulipotaka kusimama lakini hukusimama. Jibu la swali la pili likilinganishwa na karatasi jioni ileile, tofauti kati ya alichodhani na kilichotoka humfundisha kuliko hotuba yangu yoyote.

Kwa upande wa gharama ya muda, daftari hushinda wakati wa kufanya na hushindwa wakati wa kusoma. Karatasi ni kinyume chake: kuitayarisha huchukua muda, lakini jicho la mwalimu hulisoma jambo kuu katika dakika moja. Kuipitia kwa makini pamoja na mwanafunzi ni habari nyingine. Dakika kumi kwa kila mmoja katika darasa la wanafunzi arobaini ni dakika 400, karibu saa saba, muda ambao hakuna ratiba itakayoutoa. Wanafunzi wapitiane wawili wawili, na kila mmoja azitie alama fremu za mwenzake kabla hajaambiwa mwenyewe alichagua zipi. Alama zikitofautiana, mazungumzo huanza bila mwalimu.

Kikao cha darasa na mazungumzo ya faragha

Kikao cha kujadili picha kina sifa moja ambayo njia nyingine hazina: kinaitenganisha picha na kumbukumbu ya aliyeipiga. Mwenye picha anapoitazama kazi yake huona pia kelele za siku ile, jua lilivyomuunguza shingo, na furaha ya kumnasa mtu kwa wakati wake. Wenzake wanaona mstatili tu. Anaposikia watu watano wakizungumzia nguzo iliyoota kichwani mwa mtu, nguzo ambayo yeye hakuiona alipokuwa akipiga wala alipokuwa akichagua, anajifunza jambo ambalo daftari lisingemfunulia hata angeandika mwaka mzima.

Kikao kisicho na utaratibu, hata hivyo, huishia kwenye «nimeipenda» na «sijaipenda», na sauti mbili au tatu humaliza saa nzima. Kati ya taratibu zilizozoeleka, naona mbili zinafaa kulinganishwa. Ya kwanza ni ya Edmund Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani, inayokwenda kwa hatua nne: kueleza kinachoonekana, kuchanganua namna kilivyopangwa, kufasiri maana yake, na mwisho kutoa hukumu. Ya pili ni ya msanii wa dansi Liz Lerman, iliyoanzishwa mwaka 1990, ambamo watazamaji husema kwanza kilichowagusa, kisha mwenye kazi huuliza maswali yake, kisha watazamaji huuliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake, na maoni hutolewa tu iwapo mwenye kazi amekubali kuyasikia.

Utaratibu wa Feldman hufaa darasa linalokimbilia hukumu, kwa sababu huiweka mwisho na kuwalazimisha wote kukaa na kile kinachoonekana. Katika picha za mtaani hatua ya kwanza pekee ni mafunzo makubwa: mwanafunzi aseme «mwanamke ameinamisha kichwa», asiseme «mwanamke ana huzuni», mpaka aeleze ni nini ndani ya fremu kinachoileta huzuni hiyo. Udhaifu wake ni kwamba mwenye picha hukaa kama mshtakiwa anayesikiliza kesi yake. Utaratibu wa Lerman humrudishia usukani, jambo lenye uzito kwa kijana wa miaka kumi na mitano anayeionyesha kazi yake mbele ya watu atakaokula nao mchana. Lakini unadai nidhamu, hasa ile hatua ya maswali yasiyo na hukumu. «Kwa nini umeikata miguu yake?» ni hukumu iliyovaa nguo za swali, na darasa huhitaji vipindi kadhaa kabla ya kulijua hilo. Kwa wanaoanza ningechukua wa Feldman na kuishia hatua ya tatu. Kwa waliokwisha kuzoeana ningechukua wa Lerman.

Kwa vyovyote vile, kikao kisimfanye mwalimu aamini kwamba anayekaa kimya hajifunzi. Vivian Maier alipiga picha za mitaani kwa miongo mingi huku karibu hakuna aliyeziona. Zilianza kuingia mikononi mwa wengine mwaka 2007, miaka miwili kabla ya kifo chake, sanduku zake zilipopigwa mnada. Jicho lake halikungoja hadhira. Mwanafunzi wa aina hiyo hupata zaidi katika mazungumzo ya faragha na mwalimu, karatasi ya mfuatano ikiwa mezani baina yao.

Mazungumzo ya faragha, kwa ubora, yanazidi njia zote, na kwa muda ndiyo ghali kuliko zote. Yanaweza kuuliza swali, kusikia jibu la juu juu, na kuuliza tena. Kwa kuwa hayawezi kufanyika kila wiki, afadhali yatengwe kwa ajili ya nyakati mbili: mwanafunzi anapokwama, na linapozuka suala la mtu aliyepigwa picha.

Mtu aliye ndani ya picha

Hapa ndipo njia zote hulegea, nami nadhani ndipo walimu tunapolegea pia. Daftari huzungumza habari za mpiga picha, karatasi huzungumza habari za maamuzi, kikao huzungumza habari za picha. Mtu aliyelala kwenye benchi, ambaye sasa anatazamwa na darasa zima ukutani, hana wa kumsemea. Zaidi ya hayo, kikao kinaweza kumdhuru mara ya pili: mmoja akicheka nguo zake, kicheko huenea kabla mwalimu hajafungua kinywa, na darasa linajifunza kwamba picha nzuri ni ile inayompata mtu vibaya.

Katika nchi nyingi sheria huruhusu kupiga picha mahali pa umma, lakini masharti ya kuzitumia na kuzisambaza hutofautiana, na mwalimu anapaswa kuyajua ya mahali pake kabla ya somo la kwanza. Hata hivyo, kinachoruhusiwa na sheria hakimalizi swali la heshima, na swali hilo halifundishwi kwa orodha ya makatazo. Zoezi moja hulifundisha vizuri. Darasa likubaliane kwamba katika wiki fulani kila mmoja anaweza kupigwa picha na mwenzake bila kuonywa, ndani ya mipaka waliyoiweka pamoja. Wiki ikiisha, kila mmoja aandike habari za picha aliyopigwa, wala asiandike za aliyoipiga: alijiona vipi, angependa ionekane na nani, angekubali ibaki au ifutwe. Hilo ni daftari, ila limegeuzwa upande wa pili wa lenzi, na kwa jambo hili la tatu sijaona njia inayolizidi. Kikao kije baadaye, na picha za watoto wadogo, wagonjwa au walio katika aibu zisiingie humo kabisa. Hizo ni za mazungumzo ya faragha.

Sauti iliyorekodiwa, na jalada la mwisho

Kurekodi sauti ni daftari la mwenye kalamu nzito. Mwanafunzi huzungumza dakika mbili kwenye simu akiwa njiani kurudi, na mara nyingi husema kweli kuliko anavyoandika kwa sababu hana muda wa kupamba. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayeisikiliza tena, hata mwenyewe. Iwe hiari, na atakayeichagua aandike chini ya karatasi yake ya mfuatano sentensi moja aliyoisikia humo.

Jalada la kazi lenye maelezo ya msanii, ambalo mitaala mingi hulidai, naliweka mwisho kwa makusudi. Ni chombo cha kupimia, na ni kizuri kwa kazi hiyo. Kama njia ya tafakari huja kwa kuchelewa: mwanafunzi anayeandika maelezo ya picha kumi bora tayari amezika zile mia tatu ambamo alijifunza. Mwalimu anayelazimika kulitumia adai angalau kurasa mbili za fremu zilizoshindwa, nazo zipewe alama sawa na zilizofaulu.

Jioni ileile au baada ya wiki kadhaa

Uchaguzi wa njia haukamiliki bila uchaguzi wa wakati. Garry Winogrand, mmoja wa wapiga picha wa mtaani waliopiga kwa wingi kupita kiasi, alikuwa na desturi ya kuacha filamu zake muda mrefu kabla ya kuzisafisha, hata mwaka na zaidi, ili hisia za siku ya kupiga zisimdanganye wakati wa kuchagua. Alipofariki mwaka 1984 aliacha roli zipatazo 2,500 ambazo hazikuwa zimesafishwa. Hoja yake ni nzito, na mwisho wake unaonyesha gharama ya kuivuta hoja hiyo mbali mno.

Shuleni umbali wa wiki mbili unatosha. Daftari na sauti hudai wakati wa papo kwa papo, kwa sababu kumbukumbu ya uamuzi huyeyuka usiku mmoja. Kikao hunufaika na kuchelewa, kwa sababu baada ya wiki mbili mwenye picha naye amekuwa karibu mtazamaji. Karatasi ya mfuatano ndiyo pekee inayofaa kusomwa mara mbili: jioni ileile kwa alama za rangi moja, kisha baada ya wiki mbili kwa rangi nyingine. Rangi zikiangukia fremu tofauti, mwanafunzi ameona jicho lake likibadilika, tena kwa ushahidi alioutia mwenyewe.

Mwalimu mwenye kundi la wanafunzi kumi na saa mbili kwa wiki anaweza kuchukua karatasi, mistari mitatu ya daftari, kikao cha kila wiki mbili na mazungumzo ya faragha mara moja kwa muhula. Mwenye darasa kubwa na kipindi kimoja aache kikao cha wote, awape karatasi za kupitiana wawili wawili, na daftari abaki nalo kwa swali la picha iliyoachwa. Na ambaye hali yake inamruhusu njia moja tu achukue karatasi ya mfuatano, fremu zote zikiwemo, na pembeni mwa karatasi aache nafasi ya mstari mmoja ambamo mwanafunzi ataandika alikuwa hatua ngapi kutoka kwa mtu aliyempiga picha.